Mihogo Isiyokufa

Jumatatu, 4 Machi
Profesa kanipa mada ya utafiti: kuhesabu inzi weupe, wale waenezao ugonjwa, kwenye majani ya mihogo. Ileile ya waliotangulia. Mimi wa sita! Nimemwambia majibu yamejaa kabatini kwake. Akacheka — mgeni hachagui kiti. Mgeni? Miaka minne niko maabara hii.

Jumanne, 5 Machi
Nimeshinda bondeni. Mashamba yamekwisha, ukichimba, mizizi imeoza, kahawia tupu. Isipokuwa kwa mama mmoja mjane. Mistari sita ya mbegu aliyoachiwa na mama mkwe wake. Inzi tele juu, chini mizizi myeupe! Sote tunauliza kwa nini mihogo inakufa. Nani kauliza kwa nini hii haifi?

Ila Ijumaa trekta linakuja. Mjane anang'oa yote, anapanda alizeti. Simlaumu. Majirani wamemwambia ugonjwa utamfikia tu.

Jumatano, 6 Machi
Profesa anasema swali zuri, wakati wake bado. Niandike ombi, kamati italitazama Juni. Juni nitachunguza nini — alizeti?

"Binti yangu, maliza digrii kwanza," akasema kwa upole. "Maswali makubwa yana wenyewe."

"Wenyewe ni nani, Profesa, kama si aliyeyaona?"

Halafu akanikumbusha: Ijumaa saa tatu kamati inapitisha mada. Nisipofika na ile ya inzi, nafasi yangu anapewa mwingine.

Alhamisi, 7 Machi
Nimempigia simu mama yangu nyumbani. Nilidhani atanisihi nitulie. Kauliza tu kama nina viatu vya matope.

Ijumaa, 8 Machi
Niko shambani tangu saa kumi na mbili. Yule mjane kakubali trekta lianzie upande wa barabara, mimi nikate pingili za mbegu huku. Tunafunga pamoja. Akauliza vijiti hivi vina nini hasa. Nikasema sijui, mama, ndicho kilichonileta. Akasema hajawahi kusikia mtu wa chuo akijibu hivyo.

Sasa kaenda kutafuta kamba, nimepata dakika ya kuandika. Saa tatu na robo. Mada nimeituma kwa kamati nzima alfajiri — yangu, bila saini ya Profesa. Kapiga mara nne. Sikupokea, mikono ilikuwa na utomvu. Halafu ujumbe: uko wapi?

Trekta linageuza kule mwisho. Nimebakiza mistari miwili.

Nimemjibu: shambani, njoo uone mizizi.

Simu inaonyesha anaandika. Kaacha. Anaandika tena —