Chale Zangu Mtaroni

Mjukuu wangu Zaituni,

Marahaba, mama. Huku Mkunya tu wazima, mikorosho imechanua, na mama yako Salima anakusalimu. Unauliza kama ulikosea kumshtaki msimamizi anayekubagua kazini kwa kabila lako.

Nilipovuka mto Ruvuma kukimbia vita Msumbiji, mkandarasi wa serikali aliniajiri kuchimba mtaro wa bomba la maji. Siku moja wakubwa wa wilaya walikuwa wanakuja kukagua. Msimamizi akaniambia, kwa jina la dharau walilotuitia Wamakonde wa Msumbiji, "Wewe Mmawia, kajifiche jikoni. Chale zako za usoni zitatutia aibu."

Nikamjibu, "Uliponiandika kazi nilikuwa nazo." Nikaendelea kuchimba. Wenzangu, Wamakua na Wayao, wakaweka majembe chini kuniunga mkono.

Wakubwa walipofika, afisa kazi akauliza kulikoni. Nilimweleza mwenyewe, kwa Kiswahili changu kibovu. Akamgeukia msimamizi: "Kazi ya serikali haichagui kabila. Mama huyu anabaki hapa."

Nikachimba mbele yao wote, uso juu. Tangu siku ile msimamizi akawa ananiita Mama Salima, kama alivyowaita wenzangu kwa majina ya watoto wao.

Hukukosea, mjukuu wangu. Barua yako nimewasomea majirani, na pale ulipomjibu msimamizi wako wameniomba nirudie.

Bibi yako