Twiga wa Baba Anatembea Kama Mbuzi

Ijumaa. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya kuudhi yasiyotaka kuwa mvua wala kuisha. Hapa mtaani Jericho majirani wameanika nguo na kuzianua mara tatu. Mimi sijafua chochote. Nimekaa tu.

Nimemuumiza Baba.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: Baba ni mchongaji wa vinyago. Alitoka Ukambani akiwa kijana, akachonga twiga maisha yake yote katika banda letu la ushirika wa wachongaji, mpaka presha ya macho ikamnyang'anya nuru. Mimi nilikuwa navipiga msasa na kuvipaka rangi ya viatu, kazi ya wanawake, eti. Tangu apofuke nimeshika tezo lake na kukalia kigogo chake. Namchonga twiga wake yule yule, hadi nimemchukia.

Mwanzo wa mwezi mwenyekiti wa banda aliniita kando.

"Mwende, hiyo nafasi ni ya mchongaji. Kuiga kila mtu anajua. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ulete kitu imetoka kwa kichwa yako. Kama hakuna, kuna wengine wanangoja."

Kichwa changu kilikuwa kitupu. Nilienda mjini kwenye maonyesho ya picha, nikazunguka nimefunga mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, nikatoka na kiu tu. Nikaenda kukaa kando ya mto, kwa kuwa watu husema maji hufungua akili. Mto wetu ni mweusi na unapitisha mifuko ya plastiki. Nilirudi nyumbani na harufu yake kwenye viatu.

Kisha akina mama wa kanisa wakakodi basi kwenda mbugani. Nilienda kwa sababu ya chapati, sitadanganya. Wenzangu walikuwa wanatafuta simba, simu zimeinuliwa, wakanipigia kelele: "Mwende, simba iko huku! Unaangalia nini huko?"

Nilikuwa naangalia miguu.

Twiga akitembea hutanguliza miguu yote miwili ya kushoto, kisha yote miwili ya kulia. Wa Baba hukatisha: mguu wa mbele wa kushoto huenda na wa nyuma wa kulia. Hivyo ndivyo anavyotembea mbuzi. Baba alichunga mbuzi utotoni, na twiga amemwona kwenye kalenda tu, amesimama. Wenzake waliiga kwake, wengine wakaiga kwa hao. Banda zima linachonga mbuzi wenye shingo ndefu, na watalii wamewabeba mpaka makwao.

Nilicheka peke yangu pale dirishani. Halafu viganja vikaanza kuniwasha. Ile hamu ya kuchonga ilikuwa imerudi, na nilikuwa nimesahau kabisa jinsi inavyokuwa.

Nilichonga siku tisa. Mti wa jakaranda, wenye mstari mweupe ulioangukia shingoni bila mimi kupanga. Nilipomaliza nilijua ni kazi nzuri. Ningemfunga kwenye leso na kunyamaza, lakini jana wakati wa chai nilimweka mikononi mwa Baba.

Nilitaka sifa. Na kuna kitu kibaya zaidi: nilitaka ajue nimeona kitu ambacho yeye hakukiona alipokuwa na macho.

Alipapasa shingo, akatabasamu. Akashuka mpaka miguuni, tabasamu likakauka.

"Hii itaanguka. Miguu ya upande moja imeenda pamoja. Nani amekufundisha hivi?"

"Ndivyo wanatembea, Baba. Nimewaona."

Aliniomba twiga wake wa zamani, yule anayekaa juu ya kabati. Akawapakata wote wawili, akapapasa miguu ya huyu, ya yule, akarudia. Chai yake ikapoa.

"Miaka yote hiyo," akasema, "na hakuna mtu aliniambia."

Kisha: "Namba yangu usiweke."

Bandani kila mchongaji ana namba yake, huchomwa kwa waya wa moto chini ya kwato. Ninakalia nafasi ya Baba kwa sababu vitu vyangu hubeba namba yake. Bila hiyo, mimi ni mpiga msasa tu. Pale hakuna mwanamke aliyewahi kupewa ya kwake.

Hakula jana. Leo mchana nilitoka kununua sukuma, niliporudi nikamkuta sakafuni. Nilidhani ameanguka, nikaachia mboga.

Hakuwa ameanguka. Alikuwa anatambaa kwa viganja na magoti, akisogeza mkono wa kushoto pamoja na goti la kushoto, halafu wa kulia na la kulia. Polepole. Mzee wangu, mwenye mgongo mbovu, kwenye saruji baridi. Akaenda hivyo mpaka kichwa kikagusa meza.

"Ni wewe, Mwende?"

"Ni mimi, Baba."

"Kumbe haianguki."

Akabaki hapo hapo, paji la uso kwenye mguu wa meza, akilia. Sikujua kama anataka kuinuliwa. Nilikaa chini kando yake nikalia pia, maana sikuwa na lingine la kufanya.

Baadaye nilimuuliza tena kuhusu namba. Akakataa. Nikamwambia kesho bandani wataniuliza kwa nini miguu iko vile, na nitalazimika kulisema kosa lake mbele ya watu aliowafundisha.

Alinyoosha mkono, akaishika tena miguu ya twiga wangu.

"Waambie mzee wako alijua mbuzi."

Nimemfunga twiga kwenye leso ya marehemu Mama. Kwato zake hazina namba. Kesho saa mbili nitasimama mbele yao, na sijui kama mdomo wangu utafunguka.