Akelo Yuko Mbita

Mpendwa mama,

Naanza na ungamo, maana hukupenda maneno ya kuzungukazunguka: nimewaua mapacha wako. Si Apiyo na Adongo uliowazaa. Hao wako salama, mmoja kwake Migori na mwingine Nairobi, na bado wanagombana kwa simu kila Jumapili. Nasema zile diski mbili nyeusi za bakapu, za kuwekea nakala za akiba, ulizozipa majina yao. Nakuandikia kwa Kiswahili badala ya Kijaluo chetu ili nakala ya barua hii niibandike ukutani hapa hospitalini, wenzetu Wakuria wasome pia, na atakayeshika kazi hii baada yangu asirudie kosa langu.

Nakukumbuka katika kile chumba kidogo nyuma ya maabara, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, feni ikiipulizia seva, ile kompyuta kuu ya hospitali, upepo mchana kutwa. Ulikuwa karani wa faili miaka mingi kabla mashine hiyo haijaletwa. Vijana wenye vyeti walipokataa kuja kuishi huku Ndhiwa, ulisema utaisimamia wewe. Ulijifunza kwa kusoma kila kilichotokea kwenye kioo, neno kwa neno, hata yale ambayo sisi wengine tunayakubali bila kuyasoma. Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha kompyuta chuoni Mbita, nikakushauri uwaombe wakubwa programu maalumu ya bakapu. Ukanitazama juu ya miwani.

"Ya nini, nyara, binti yangu? Iko ndani. Imekuja na mashine, ni watu tu hawafungui."

Ukanionyesha. Saa saba mchana, watu wakienda kula, chombo kilichomo ndani ya mfumo wenyewe kilinakili seva nzima, faili zote na mipangilio yote, kikaweka kwenye diski iliyochomekwa. Wiki hii Apiyo yuko kwenye seva na Adongo kwenye kabati la chuma kule wodi ya wazazi. Wiki ijayo wanabadilishana. "Wasikae pamoja hata siku moja," ulisema. Nilinuna kidogo, kwa kuwa mwalimu nilidhani ni mimi.

Nikakuuliza mbona umenisahau. Kwetu Ujaluo mtoto anayewafuata mapacha ni Akelo au Okelo, hilo jina halina mjadala, na ndilo nililozaliwa nalo. Iweje mapacha wawe na diski na mimi nisiwe nayo? Hukuinua hata uso.

"Akelo yuko Mbita," ulisema. Nilicheka, kwa sababu kweli nilikuwa Mbita.

Ulipotuacha, hospitali iliniomba nikalie kiti chako. Miezi ya kwanza nilifuata utaratibu wako kama ulivyouandika kwenye daftari. Kisha siku moja Matron alinikuta navuka uwanja, Adongo mkononi, matope hadi vifundoni.

"Akelo, hao si mapacha? Unawatenganisha kila wiki namna hii, utatuletea chira."

Alikuwa anatania, lakini chira hatuitanii hadi mwisho. Mwiko ukivunjwa, mabaya yanaifuata nyumba, ndivyo tulivyolelewa. Nililelewa nikiona dada zangu wakivalishwa sare, wakilazwa kitanda kimoja, na mgeni akimletea mmoja peremende anatumwa dukani kumtafutia mwenzake. Nikawaza, na kweli, kwa nini nivuke matope? Nikawachomeka wote wawili kwenye seva, ubavu kwa ubavu. Nikajiambia sasa tuna nakala mbili kila siku. Nilijisifu hata kwa Matron. Mwalimu wa kompyuta mzima, mama, nikatunza diski kwa mila za mapacha.

Radi ilipiga Jumanne mchana, hata mvua haijaanza. Seva ilikufa. Apiyo akafa, na Adongo akafa.

Alhamisi, kama kawaida, ilikuwa kliniki ya watoto wenye ugonjwa wa sikoseli. Alikuja baba mmoja anayechimba dhahabu Masara, amembeba binti yake mgongoni, mtoto analia kwa maumivu ya mifupa. Kadi ya mtoto ililowa mfukoni mwake kule shimoni ikawa uji. Daktari alitaka kumpa mtoto dawa kali ya maumivu, yule baba akamshika mkono.

"Ngoja kwanza, daktari. Kuna dawa moja ilimfurisha uso huyu mtoto, karibu tumpoteze. Jina sijui. Mama alikuwa hapa kwa kompyuta ndiye aliandika."

Wote wakanigeukia. Nikasema kompyuta imeharibika. Daktari hakuthubutu kumpa mtoto dawa kali akiwa hajui ni ipi iliyotaka kumuua, akampa ile nyepesi na maji ya mshipa. Kilio chake nilikisikia hadi kwenye chumba chako, nikiwa nimekaa mbele ya mashine iliyokufa. Niliogopa, mama. Niliogopa kuliko siku tuliyokuzika.

Nikafungua daftari lako, nadhani ili tu nione mwandiko wako. Ukurasa wa mwisho uliandika: Apiyo kwa seva. Adongo kwa wodi. Akelo Mbita. Nilikuwa nimeupitia ukurasa huo mara nyingi, na kila mara niliona mama anayewawaza watoto wake. Siku hiyo nikajiuliza, ni nani anayeandika mahali kitindamimba wake anapoishi katika daftari la kazi, chini ya diski mbili?

Ndipo nikakumbuka sanduku la bati. Ulilileta kwangu Mbita ukaliweka chini ya kitanda, ukasema ni leso zako, nisiguse. Ulipofariki sikuwa na moyo wa kulifungua. Nilipohama nilimwachia mama mwenye nyumba. Ijumaa alfajiri niliomba gari la hospitali. Leso zilikuwamo kweli, zimekunjwa vizuri. Katikati yake kulikuwa na diski, imebandikwa plasta ya wodini, na juu yake kwa kalamu yako: AKELO.

Nitakuambia ukweli. Nilirudi nikiwa nimempakata mapajani, nashukuru na nimeumia. Miaka miwili ulikuja Mbita kila mwisho wa mwezi, na kikapu chako cha viazi. Nikikuuliza mama umefuata nini, jibu lilikuwa moja: "Nimekuja kumwona Akelo." Nilijivuna kwa majirani. Kumbe Akelo mwenyewe ni huyu wa plasta.

Ofisi ya kanisa Homa Bay, inayoisimamia hospitali, ilitutumia siku hiyohiyo mashine nyingine ya aina ileile. Niliiwasha kwa ile sidii ya mfumo uliyoihifadhi kwenye droo, nikachagua kurekebisha, kisha kurejesha. Ikamwona Akelo. Ikaniletea orodha ya tarehe za nakala zilizomo, ikaniuliza nataka ipi. Nikachagua ya mwisho. Nikakaa kuitazama asilimia ikipanda, sikwenda hata kula.

Ilipowaka iliniuliza neno la siri, nikaandika langu, ikalikataa. Ilitaka lako, kwa sababu ilikuwa imerudi siku zako. Nililipata kwenye daftari. Nikamtafuta yule binti, na pale chini ya jina lake kulikuwa na jina la dawa, na maneno yako kwa herufi kubwa: USIMPE HII TENA, ULIZA BABA YAKE. Ilikuwa ndiyo ileile aliyotaka daktari kumpa Alhamisi. Akampa nyingine, na jua lilipokuwa likishuka mtoto alikuwa amelala.

Karibu mwaka mmoja haumo kwenye diski hiyo, tangu nakala yako ya mwisho hadi siku ya radi. Mimi na Matron tunaujaza upya kutoka kwenye vitabu vya wodi. Ananisomea, naandika. Juzi aliniambia, "Mapacha wapya hata uwatenganishe kwa ziwa zima, mimi sitasema kitu."

Sasa ile orodha, mama. Zilikuwa tarehe tatu tu. Niliangalia nafasi iliyobaki nikidhani nyingine zilifutwa. Diski ilikuwa karibu tupu, na daftari lako nalo linataja hizo tatu peke yake. Ukiwa hai ungenicheka, maana nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Kila nakala nimeihesabia safari mbili, ya kumchukua Akelo na ya kumrudisha. Ni safari sita. Na wewe ulikuja mara ishirini na nne.

Nimerudia hesabu hiyo siku nzima, na haibadiliki. Mara kumi na nane ulitoka Ndhiwa na kikapu chako, ukalala kwangu, ukaondoka, na sanduku hukuligusa.

Pumzika, mama. Nimeelewa ulikuja kumwona nani.

Kitindamimba wako,
Akelo