Viinitete vya Nyani Vyapita Seli Nane

Jumatatu, 3 Machi
Nimefika maabara mapema kutoka mtaani kwetu Mbotela. Glavu, inkubeta, hadubini. Viinitete vya nyani vimekufa tena. Vinafika seli nane, vinasimama, vinakuwa vyeusi. Kila mara hapo hapo. Nimechoka kuvitupa. Daktari Wanjiru, mkuu wetu, amesema tujaribu mara moja ya mwisho; tukishindwa, mradi ufungwe.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwomba Daktari tupunguze oksijeni ndani ya inkubeta. Tumboni mwa nyani jike haiwi nyingi kama hii tunayovuta sisi. Amekubali shingo upande. Tumeunganisha mtungi wa nitrojeni ichukue nafasi yake. Mchana tumekutanisha mayai mapya na mbegu.

Ijumaa, 7 Machi
Seli nane. Naogopa. Sijala.

Jumamosi, 8 Machi
Zimeongezeka! Haijawahi kutokea. Nimepiga kelele peke yangu. Kisha nikaona geji: nitrojeni inaisha, na anayetuuzia amefunga hadi Jumatatu. Ikiisha, oksijeni itarudi na vitakufa. Nikamkumbuka shemeji Wafula, mume wa dada yangu, fundi wa friji Kayole. Hupima kwa gesi hiyo hiyo kama mabomba yanavuja. Nikampigia Daktari kwanza. "Lete, bora ipite kwenye kichujio," akasema. Wafula amekuja na mtungi mdogo begani. "Shemeji, kumbe hata nyani wanataka fundi wa friji?" Nimecheka nusura nilie.

Jumapili, 9 Machi
Sijaenda kanisani. Mama amenuna. Seli zimeshikamana kama tunda la forosadi. Viko hai. Sithubutu kulisema kwa sauti.

Jumanne, 11 Machi
Tumeweza! Vitatu vimejaa maji katikati, vimevimba, vinang'aa, na kundi dogo la seli limejikusanya upande mmoja, pale mtoto angeanzia. Kimoja kinatoboa ganda lake kitoke. Daktari Wanjiru ametazama, akatazama tena, akanikumbatia. "Hongera, Achieng. Umetutoa aibu." Mimi, wa Mbotela! Nimeshangilia hadi mlinzi akaja mbio kuuliza kuna nini. Nikamwonyesha. Mradi haufungwi.

Jumatano, 12 Machi
Mapumziko. Nimelala hadi mchana. Mama amemwomba jirani azime redio, na jirani amezima. Nimekunywa chai mlangoni, juani. Nguo zinakauka kwenye kamba. Sina haraka ya kwenda popote.