Mlima Aliouona Masanja

Machimboni, upande wa Geita,
wakati wa kuchuma pamba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo Mama aliyeketi hapo karibu nawe akimngoja mdogo wangu Ndesario asome. Naomba Mungu barua hii iwakute kifua chako kimetulia baada ya mvua, na kahawa imebeba vizuri. Mimi nimepona. Nasema nimepona kwa sababu niliumia, na habari yake nitaieleza. Lakini Mama asishike kichwa, kwani mwandiko huu ni wa mkono wangu mwenyewe.

Barua yako niliipata. Umeniuliza, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, kama Ndesario aruhusiwe kwenda kuwabebea mizigo Wazungu wanaopanda Kibo, na ukasema Mama amekataa hata kula kwa ajili ya jambo hilo. Nimechelewa kujibu. Kila nikishika kalamu namwona Mjomba Elia alivyoletwa kutoka juu, amefungwa katika turubai, na Mama akimsugua mikono kana kwamba ingepata joto tena. Najua ndiyo sababu Mama alinihimiza nije huku kwenye dhahabu, nchi ya tambarare, ili mlima usije ukamla mwanawe.

Katika shimo letu yupo mtu mmoja aitwaye Masanja, Msukuma, kwao ni karibu na Kolandoto. Tunafanya kazi wawili wawili, naye ndiye mwenzangu: yeye anatoboa mwamba, mimi nazoa mawe. Wakati wa vita kuu alikuwa askari, akapelekwa Burma, akapigwa risasi ya bega, na kutoka huko akachukuliwa mpaka hospitali moja ya milimani huko Bara Hindi. Asubuhi moja baada ya mvua aliona kitu dirishani ambacho mpaka leo hawezi kukisimulia akiwa ameketi. Lazima asimame.

"Nilidhani ni mawingu," husema. "Nikangoja yaondoke. Jua likapanda, na mawingu ya kweli yakaja, yakapita chini yake. Chini yake, ng'wanawane, mwanangu! Ndipo nikajua kwamba ile ni ardhi."

Watu wa kambini hucheka mpaka ugali unawapalia. Wao wamezaliwa kati ya majabali ya Usukuma, ambayo mbuzi hupanda na kushuka kabla ya chakula kuiva. "Vita vimekwisha, Masanja," humwambia, "wewe bado unapiga risasi hewani?" Siku moja akawaambia, "Muulizeni Mchaga." Nikasimama nikasema kwamba kwetu uko mlima mweupe kichwani, nao hubaki mweupe hata jua liwake namna gani. Wakasema, "Basi waongo wamekuwa wawili." Tangu siku ile tukawa ndugu.

Tena alinisimulia habari ya mtumishi wa hospitali ile, mtu mfupi wa nchi ya milima hiyo, aliyekuwa akimbadilishia kitambaa cha kidonda. Vidole vyake vilikuwa vimekatwa na baridi, kwa sababu zamani alibeba mizigo ya Wazungu waliokwenda kujaribu ile milima mikubwa. Wengine wa msafara wake hawakurudi. Masanja akamwuliza kwa kile Kihindi cha askari, "Wakikuita tena, utakwenda?" Akasema, "Kesho." Masanja akamwuliza, "Kwa nini?" Yule mtu alikwenda akafungua dirisha lote, akasimama pembeni ili Masanja aone vizuri.

Sasa nieleze jambo lililotupata. Mwisho wa masika mvua zilinyesha kupita kiasi, na maji yakaingia katika nyufa za mwamba ambazo hakuna aliyezijua. Tulikuwa ndani kabisa, mimi na yeye, nikasikia mlio kama gunia la mtama linalopasuka. Kisha taa ikazimika na kifua changu kikajaa vumbi. Nilipoweza kukohoa niliita, "Masanja!" Akaitika karibu na magoti yangu, "Nipo. Mguu wangu ndio sijui ulipo."

Baba, giza la shimoni si kama giza la nyumbani taa ikizimwa. Ukiweka mkono mbele ya jicho, hata kope haijui. Jiwe lilikuwa limeulalia mguu wake, nalo halikusogea hata nilipolisukuma kwa mgongo mpaka ngozi ikachubuka. Tulisikia wenzetu wakichimba upande wa pili, mbali, mara wanaanza, mara wanaacha. Hewa ikawa nzito. Nikaanza kulia. Ndipo Masanja akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "Mchaga, nieleze baridi ya kwenu. Hapa naungua."

Nikamweleza. Nilimsimulia safari ile ya Kibo uliyonichukua nikiwa kijana, kabla Mjomba hajafa. Nilimsimulia jinsi migomba ilivyokwisha ukaja msitu, na msitu ukaisha yakaja majani makavu, na majani yakaisha yakabaki mawe na upepo tu. Nikamweleza jinsi Wazungu walivyotuacha kwenye kibanda cha mwisho wakaenda zao na kiongozi mmoja, nasi wapagazi tukabaki na mizigo. Kulipopambazuka ulinivuta nje kwa bega. Jua lilikuwa bado halijatufikia sisi, lakini kule juu barafu ilikuwa nyekundu kama kaa la moto, kisha ikawa rangi ya dhahabu, kisha nyeupe. Nilisahau kwamba nina njaa. Nilijiona mdogo sana, na sikuona ubaya kuwa mdogo.

"Endelea," Masanja akasema. "Usinyamaze."

Nikaendelea. Nikinyamaza yeye anashika, ananisimulia ule wa kwake, mpaka tukawa hatujui ni mlima wa nani unaosimuliwa. Hivyo ndivyo walivyotukuta. Wale wale waliotuita waongo ndio waliochimba kwa mikono mpaka kucha zikang'oka, na mmoja wao alipomwona Masanja yu hai alikaa chini akalia kama mtoto.

Mimi nilipata majeraha ya mgongo na mbavu. Masanja alipakiwa katika lori mpaka Kolandoto, kwenye hospitali ya misheni iliyo karibu na kwao, na huko walimkata mguu chini ya goti ili asife. Nilipoweza kukaa ndani ya lori nilikwenda kumtazama. Nilimkuta amegeukia ukutani. Mama yake alikuwa amekaa chini na uji uliopoa, akaniambia, "Hasemi. Labda wewe atakusikia." Nikamsalimu, "Mwangaluka, Masanja." Akavuta blanketi mpaka sikioni.

Nilikuwa bado nimeketi hapo alipoingia mwalimu wa dini aliyekuja kuwatazama wagonjwa, ana gazeti mkononi. Akawasomea habari, kama alivyozoea. Akasoma ya bei ya pamba, akasoma ya barabara. Kisha akasoma kwamba mlima mrefu kuliko yote duniani, huko kaskazini ya Bara Hindi, umepandwa mpaka kileleni. Wengi walikuwa wamejaribu kwa miaka mingi na baadhi wamelala huko huko katika barafu. Mlima wenyewe, alisema, Kibo kingesimama kando yake kingeufikia kifuani tu. Huko juu hewa ni haba, hata wapandaji walibeba hewa mgongoni ndani ya mitungi, kama wanawake wanavyobeba maji. Na waliofika ni watu wawili wamefungana kwa kamba moja: mmoja mgeni, na mwenzake mtu wa milima hiyo hiyo, aliyeanza kwa kubeba mizigo, mtoto wa wachunga ng'ombe wa manyoya marefu.

Masanja aligeuka.

"Soma tena," akasema.

Mwalimu akasoma tena. Mzee mmoja wa kitanda cha mlangoni akauliza, "Mchunga ng'ombe? Amesimama juu ya dunia yote?" Mwalimu akasema ndivyo ilivyoandikwa. Mzee akaweka mkono kinywani. Masanja akacheka, machozi yanamtoka, akanishika mkono kwa nguvu mpaka mbavu zikaniuma. "Mpagazi, Mchaga! Mpagazi hakubaki kibandani!" Kisha akamwambia mama yake amletee ule uji.

Baba, hapo nilikufikiria wewe na kile kibanda cha mwisho, na mizigo yote uliyoifikisha hapo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mwacheni Ndesario aende. Mama, sikidharau kilio chako. Lakini ulinituma tambarare nisiliwe na mlima, na shimo likanifungia mlango. Mungu ndiye aliyenitoa, si utambarare wa nchi. Ila Baba umwagize jambo moja na alishike: kichwa kikimwuma asione haya kurudi. Mjomba Elia kilimwuma, akaona haya, akaendelea kupanda. Na kama siku moja watampeleka kupita kile kibanda, atazame kwa macho yetu sote.

Nisalimieni Shangazi muuza ndizi, na mzee wa mfereji aliyenifundisha kugawa maji, na dada yetu aliyeolewa ng'ambo ya mto pamoja na watoto wake. Mwambieni mchungaji kwamba sala zake zinafika hata chini ya mawe.

Nikipata likizo nitakuja, na Masanja atakuja pamoja nami, na magongo yake. Tutapanda treni Shinyanga, kisha mabasi. Ameniuliza kama kutoka nyumbani kwetu mlima unaonekana mtu akiwa amekaa, maana kusimama kunamchosha. Nimemjibu kwamba unaonekana. Basi Baba, nakuomba, najua migomba ile ni ya babu na ina mikungu mikubwa, lakini ikate mitatu ya upande wa juu wa nyumba.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Elifasi