Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta

Mkolani, Mwanza
Jumatatu baada ya Pasaka

Dada yangu Nyabise,

Shikamoo sana. Naomba Mungu barua hii ikukute goti limepungua kuuma, na mvua isiwe imeikuta mihogo yako bado imeanikwa. Mimi mdogo wako, Bwana ananishikilia. Nakohoa kidogo tu, vumbi la huku unalijua.

Dada, nina jambo nimelibeba wiki mbili. Nisikilize mpaka mwisho ndipo ugombe.

Unakumbuka lile daftari la nyimbo za Mama? Mwezi ule wa mwisho, yeye kitandani anaimba kwa Kijita, mimi naandika. Nyimbo ishirini na moja, zote alizitunga mwenyewe. Mchwa walipoanza kula jalada, nilizipiga chapa zote kwenye ile kompyuta ndogo ya kukunja ambayo mchungaji mgeni aliiachia ofisi yetu ya kanisa aliporudi kwao. Wino wa kuchapisha ulikuwa umekwisha, nikasema si zimo ndani, zitatoka baadaye. Daftari nikampa jirani yangu auzaye karanga, afungie. Ndiyo, dada. Kwa mkono wangu. Niliona mashine hailiwi na mchwa.

Basi kompyuta ikaanza uzito. Ukifungua barua moja tu, unasali Baba Yetu mpaka Amina na bado. Kisha ikawa inagonga ndani, ko, ko, ko, kama kuku anayedonoa debe. Mzee wa kanisa akasema ni umeme, tukabadilisha soketi. Akasema ni betri, tukaitoa. Asubuhi moja ikaleta maneno meupe ya Kiingereza kwenye kioo cheusi, ikagoma kabisa. Nilikaa sakafuni, dada.

Nikaipeleka mjini kwa fundi Masanja, Msukuma mmoja mcheshi, zamani alitengeneza redio tu. Akaingiza disketi yake, mashine ikawaka.

"Mama, kichwa kizima hiki. Kinachoumwa ni hadi diski, ghala lenyewe la maandishi."

Akaifungua, akanisogezea nisikilize ule mlio wa kugonga. Halafu akaona vitundu vya pembeni vimeziba nyuzi nyeupe.

"Hizi nini?"

"Kitambaa. Huwa naifunika."

"Ikiwa imezimwa?"

"Hata ikiwaka. Si vumbi?"

Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Mama wee! Umemvalisha blanketi mtu anayekimbia!"

Dada, ni kile kitambaa alichofuma Mama, chenye maua pembeni. Niliona ni heshima, kama tulivyofunika redio ya Baba. Kumbe ndicho kilichokuwa kinaichemsha.

Nikamwambia tuombe kwanza. "Omba wewe, mama, mimi nashika mashine." Nikaomba kwa sauti pale barazani, wauza nyanya wakaitikia Amina. Akawa anaiwasha, ananakili wimbo mmoja kwenye disketi, ikianza kugonga anaizima ipoe. Siku mbili nzima. Wa kumi na tisa ukatoka, wa ishirini ukatoka. Wa mwisho ulifunguka nusu, chini yake alama tupu, kama nyayo za kuku. Akajaribu tena. Ikagonga mara tatu, ikanyamaza.

"Imekwenda, mama. Pole," akasema, kama mtu anayetoka wodini.

Hadi diski nyingine aliitoa kwenye mashine mbovu zilizouzwa shirika moja lilipobinafsishwa. Sasa kompyuta ni nyepesi kuliko mwanzo, wala sina furaha nayo.

Uliokatika ni ule wa kuanika dagaa, tulioimba tukiwatandaza juu ya majabali, wewe ukishika sauti ya pili. Ubeti wa kwanza, ule wa jua, ninao. Wa pili niliuandika tu, haukuniingia kichwani, kwa sababu unayoijua: kila mlipoufikia, mimi nilishatoroka, niko majini. Jana nilishuka mpaka ziwani pale Butimba, nikaimba ule mmoja, nikakwama. Maji ni yale yale, lakini Majita kwetu haionekani, na hakuna aliyeniita nitoke nikageuze dagaa.

Msalimie sana shemeji, binti yako Nyangeta, shangazi wa kule ng'ambo ya kijito, na kina mama wa kwaya. Waambie nawataja kwa majina kila nipigapo magoti.

Dada, hapo chini nimeacha mistari minne wazi. Imba polepole, Nyangeta aandike hapo hapo kwa kalamu ya wino, kisha unirudishie karatasi hii hii kwa mtu yeyote ajaye Mwanza. Nitaipiga chapa, nitaichapisha, na karatasi yenyewe haitafungia karanga. Kitambaa cha Mama nimekifua. Nimekikunja, kinaisubiri karatasi hiyo.

Ni mimi mdogo wako, niliyetoka majini nimechelewa,
Nyamumwi

Ubeti wa pili:

. . . . . . . . . . . . . . . . . . . .

. . . . . . . . . . . . . . . . . . . .

. . . . . . . . . . . . . . . . . . . .

. . . . . . . . . . . . . . . . . . . .