Kiti Chako cha Kalkulasi

Thureya, shoga yangu,

Salamu ya makaburini nimekusomea leo asubuhi nikiwa dirishani, kwa mbali, maana kwetu wanawake hawaendi kaburini na wewe unalijua hilo. Habari hii sina mwengine wa kumwandikia. Wewe ndiye uliyekuwa ukinambia, "Asya, sema moja kwa moja, usinichoshe." Haya, nasema. Jina lako kwenye darasa la Kalkulasi ya Pili nililitoa mie, kwa mkono wangu, nikakaa mie pahala pako, na siku tatu za azaa, matanga yako, hazijesha.

Unaukumbuka mpango wetu? Bado upo, umebandikwa ndani ya mlango wa kabati lako, mihula minne. Kwa kijani masomo ambayo chuo kikuu cha Maskat kitayahesabu tukihamia. Kwa nyekundu yale ambayo chuo chetu hapa Ibra kinatulazimisha na kule watayatupa. Uliwapigia simu Maskat ukauliza somo moja moja, mpaka yule bwana wa ofisini akawa anaijua sauti yako. Mie nilitaka kuchukua Takwimu, kwa sababu mwalimu wake mpole. Ukanifutia palepale, ukasema upole wa mwalimu hauhamishiki.

Tahwil, tulikuwa tukiuita uhamisho huo, na ulivyokuwa ukilitamka neno lile mtu angedhani tunakwenda Makka. Sayansi ya kompyuta kule wanachukua watu wachache mno. Asiye na Kalkulasi ya Pili hata fomu yake haisomwi, na hapa kwetu somo hilo lipo mara moja kwa mwaka, darasa moja, viti thelathini. Wenye alama za juu husajili siku ya kwanza. Sisi wengine tunangoja siku ya nne, tunagombea kilichobaki.

Wewe ulisajili Jumapili, kitandani hospitali, sindano mkononi, selimundu imekukamata viungo vyote. Ukanitumia picha ya skrini na neno moja chini yake: "Nimekaa." Nikakujibu kwa kukucheka. Jumatatu alfajiri ukatutoka, na alasiri wakakuzika.

Jumatano ilikuwa siku yangu ya kusajili. Nyumbani kwenu kumejaa wanawake, kahawa inazunguka, juzuu zinasomwa. Mama'ko akanituma chumbani kwako nilete misala. Nikafungua kabati, na mpango ukanitazama usoni. Nikatoa simu. Darasa limejaa, viti thelathini, watu thelathini, na mmoja wao yuko chini ya mchanga.

Nilijua neno lako la siri, jina la paka wako na tarakimu nne. Ungekuwa hai usingenikatalia, nilijiambia hivyo, na mpaka leo sijui kama ni kweli, maana wewe katika masomo hukuwa na huruma na mtu. Niliingia kwa jina lako. Mashine ikaniuliza: una hakika unataka kuliondoa somo hili? Kule ukumbini walikuwa wamefika Yasin. Nikabonyeza ndiyo. Kisha nikaingia kwa jina langu, nikaona nafasi moja, nikaikamata. Nikachukua misala, nikatoka nayo, na mama'ko akanishukuru.

Darasani wiki ile ya mwanzo mwalimu alikuwa na orodha ya zamani, ile iliyochapishwa siku ya kwanza. Akakuita. "Thureya." Nami, wallahi sijui ulimi ulikwendaje, nikaitika. Akatia alama. Wasichana wa nyuma waliokujua walinigeukia wote. Tangu siku hiyo sikuwahi kukaa darasani nikiwa peke yangu. Nikikosea alama ya kutoa nasikia ulimi wako ukigonga kinywani, ule mlio wako wa kunidharau. Nikipata swali sawa, kimya. Hujawahi kunisifu hata mara moja, shoga, si ulipokuwa hai wala baadaye.

Nimefaulu. Nimepata A, alama ambayo sijawahi kuipata katika hesabu tangu nizaliwe, na niliipata kwa kukuogopa. Matokeo yalipotoka nyumbani walifanya halwa. Nilikula kijiko kimoja, nikaisukuma sahani.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Mwezi uliopita chuo kilimwita mama'ko akachukue vitu vyako na karatasi ya masomo yako. Baada ya siku chache akaniita. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikalisha, akanimiminia kahawa. Vitu vyako ameviweka juu ya meza ya kioo, na kile kijungu cha udongo cha Bahla ulichotilia kalamu, kalamu zote zimeng'atwang'atwa vichwa. Akakunjua karatasi. Kiarabu anasoma vizuri kuliko sisi. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja: Kalkulasi ya Pili, imeondolewa na mwanafunzi mwenyewe, Jumatano, na saa yake.

Akasema, "Asya, mwanangu kazikwa Jumatatu. Jumatano kaingia kuondoa somo?"

Nilidhani ananiuliza akiwa ameshanijua. Sivyo. Macho yake yalikuwa na kitu kibaya zaidi ya hasira, yalikuwa na tamaa, matumaini. Akaendelea yeye mwenyewe, polepole, kwamba maiti hagusi simu, yeye si mjinga. Lakini karatasi ile ameiweka chini ya mto tangu siku aliyopewa. Kila akiamka anautazama mstari ule, na kwa muda mdogo sana anaona kama umechelewa siku mbili kuondoka.

Thureya, ningeweza kumwacha nao. Ningemwambia mashine hukosea, au ningenyamaza, kahawa ikanywewa, nikaenda zangu. Nilikitazama kijungu chako. Nikamwambia yote, mpaka Yasin, mpaka misala.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Watu wanamsomea, na wewe unamtoa." Akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akaniambia niondoke. Kikombe changu alikichukua mwenyewe akakimwaga kwenye sinki, na mimi bado niko mlangoni natafuta viatu.

Basi nikasema tahwil yenyewe siitaki tena. Fomu nilikuwa nimeijaza yote, masomo ya kijani yametimia, kilichobaki kuituma, na mwisho wake ulikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Niliiacha pale pale. Nikaona nikienda Maskat kwa kalkulasi ile nitakuwa nimekuzika mara ya pili. Mama yangu akaniuliza nina nini, nikamwambia kichwa. Nilikaa hivyo siku kumi, na wewe siku zote kumi hukugonga ulimi hata mara moja. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Jumatano, kesho yake ndiyo mwisho wa fomu, nilikwenda soko la wanawake, pale mama'ko anapouza udi na kanga. Sikwenda kununua. Nilisimama mbele yake kama mtoto aliyekojoa kitandani. Aliendelea kumfungia mteja udi wake, akamaliza, akafuta mikono. Shikamoo yangu hakuiitikia.

"Umeituma fomu?"

Nikamwambia sijaituma, na sitaituma, kwa ajili yako.

Wanawake wa meza za jirani walishageuka kututazama. Kisha akasema, wala hakupandisha sauti, "Sasa mwanangu ulimtoa kwa ajili gani?"

Nilikaa chini palepale baina ya mizigo yake ya kanga, nikatoa simu, nikaituma fomu mbele yake. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Mama'ko alikuwa ameinama juu ya bega langu, anasoma. Alipoona imekwenda alisema, "Haya, inuka, unanizuilia wateja." Ndiyo maneno yote tuliyozungumza.

Majibu bado. Huenda wasinichukue, na utasema nilistahili Takwimu. Lakini wakinichukua, siku ya kwanza wakiita majina nitaitika langu tu. Na atakayeniuliza Kalkulasi ya Pili niliipataje, nitamwambia kama nilivyokwambia wewe, sitaruka hata Yasin. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na sina nyengine ya kukupa.

Karatasi yako mama'ko hajaitoa. Jana mdogo wako kanambia bado iko chini ya mto, na kila asubuhi inasomwa mstari uleule, ingawa sasa anajua ni mkono wa nani.

Allah akurehemu, shoga yangu. Kaa kwa raha huko uliko. Huku nimekaa mie.

Asya wako